Wasichana wa Namba Saba na Binti Niliyemfokea

Tiketi nilipewa na shemeji. Yeye anafanya kazi usiku kwenye hoteli moja pale Las Vegas, karudi asubuhi ya Jumatano tarehe 1 Machi 2023 kanikuta nimembeba mtoto wao begani nazunguka naye sebuleni maana tumbo lilikuwa linamsumbua usiku kucha, akaniambia shem, we si unafundisha kikapu, leo yanaanza mashindano ya wasichana wa vyuo, kuna mwenzangu kazini alinunua tiketi za siku zote na sasa amepata safari, kaniachia, zinalala tu. Mimi nikaangalia mlango wa chumbani kwa dada. Nilikuwa nimeenda kumsaidia mzazi, sikuenda kutembea. Dada akajibu kutokea kitandani kabla hata sijauliza, "Nenda mdogo wangu, mtoto ana mama."

Nimefundisha kikapu cha wasichana shule ya sekondari Dar tangu 2014, nafundisha na hesabu, kikapu hakuna anayenilipa. Kwa hiyo yale mashindano nilikuwa nayajua kwa mbali, kama tunavyojua wengi wetu, kupitia Mtanzania mwenzetu Hasheem Thabeet. Alipokuwa chuo cha UConn tulikuwa tunakesha kutafuta habari zake, na ule usiku wa Machi 2009 timu yake ilipocheza na Syracuse pale Madison Square Garden mpaka dakika za nyongeza mara sita, wakafungwa 127 kwa 117, ile ilikuwa ni mechi ya konferensi, iliyoitwa Big East. Ndo siku niliyojua kwamba kuna kitu kinaitwa mashindano ya konferensi na kwamba watu wanaweza kufia uwanjani kwa ajili yake.

Kwa ambaye hafuatilii, vyuo vya Marekani vimejigawa kwenye makundi zaidi ya 30, hayo ndo konferensi. Msimu mzima mnacheza wenyewe kwa wenyewe, halafu mwezi wa tatu mnakusanyika mji mmoja, mnacheza mtoano, ukifungwa umeaga. Anayebeba kombe anaingia moja kwa moja kwenye mashindano ya taifa ya NCAA yenye timu 68, hata kama msimu wake ulikuwa mbovu. Wakubwa wanaingia hata wakifungwa, kuna kamati inawachagua, lakini kwa timu nyingi ile wiki ndo kila kitu. Na kitu kinachofanya iwe ngumu ni siku. Mnacheza leo, kesho, keshokutwa. Hakuna wiki ya kujipanga.

Haya ya Las Vegas yalikuwa ya Pac-12, vyuo 12 vya magharibi. Wanne wa juu kwenye msimamo wanapumzika siku ya kwanza, nane waliobaki wanaanza Jumatano. Uwanja uko ndani ya hoteli ya Mandalay Bay, unaitwa Michelob Ultra Arena, unachukua watu kama 12,000, na ili ufike lazima upite katikati ya kasino, mashine za kamari zinapiga kelele kulia na kushoto, moshi wa sigara, watu wazima wamekaa pale saa sita mchana kama usiku. Na katikati ya hao unaona wasichana warefu wa miaka 19, 20 wanapita kwa mstari na mabegi mgongoni, headfoni masikioni, hakuna anayegeuza shingo. Nilisimama nikawaangalia mpaka wakaisha.

Ndani kulikuwa na baridi na viti vitupu vingi tu siku hiyo ya kwanza. Nilikaa juu kidogo, na ukweli mechi za mwanzo sikuziangalia vizuri, nilikuwa naangalia mabenchi. Ni ugonjwa wa makocha. Mpira uko huku mimi macho yako kwa yule aliyetolewa, nataka kuona anakaa wapi, nani anamwongelesha, anapewa nini. Na nilichokiona ni kwamba hakuna aliyetolewa akaachwa. Akikaa tu, taulo, maji, mtu anachuchumaa mbele yake anamwambia kitu kifupi, anaondoka. Hakuna aliyefokewa akiwa bado anahema. Kama kuna makosa wataongea baadaye, lakini pale kwenye kiti kwanza anarudishiwa pumzi. Mechi nne siku ile, nikaona mara nyingi kiasi kwamba nikaanza kujisikia vibaya, na nilikuwa najua kabisa ni kwa sababu gani, ila sikutaka kuifikiria.

Jioni wakaingia Washington State, namba saba kwenye msimamo, wanacheza na California namba kumi. Kwenye orodha ya wachezaji nikasoma jina moja nikasogea mbele kwenye kiti, Bella Murekatete, Rwanda. Jamani. Binti wa hapo jirani tu, futi 6 na inchi 3, aliondoka kwao akaja kumalizia sekondari Idaho halafu akachukuliwa na chuo kilichoko Pullman, mji mdogo uliozungukwa na mashamba ya ngano. Na hakuwa mgeni peke yake. Charlisse Leger-Walker katoka New Zealand, Johanna Teder Estonia, Ula Motuga Australia. Kocha wao Kamie Ethridge alipokabidhiwa timu 2018 aliikuta ni timu ya mkiani, ilikuwa haijagusa mashindano ya taifa tangu 1991 na waliyafikia tena 2021. Ukiwa kwenye mji mdogo mastaa wa Los Angeles hawaji kwako, basi yeye akaenda kuwatafuta wa kwake dunia nzima. Hilo nalipenda sana, maana na sisi hatupati watoto warefu waliochaguliwa, tunapata waliokuja.

Msimu wao kwenye konferensi walikuwa wameshinda tisa wamefungwa tisa. Nusu kwa nusu. Hakuna aliyekuwa anawahesabu. Wakamtoa California, mimi nikarudi nyumbani kwa basi nikamkuta dada anamnyonyesha mtoto, akauliza vipi, nikasema kuna Mnyarwanda anacheza chini ya kikapu utadhani anagombania shamba la baba yake. Akacheka.

Alhamisi ndo niliipata ile picha ambayo imenibadilisha. Sio uwanjani. Nilikuwa natafuta choo nikapotea kwenye makorido ya hoteli, kule kwenye kumbi za mikutano ambako timu zinapewa vyumba. Nikakuta msichana mmoja, timu gani siwezi kusema maana alikuwa amevaa fulana tu, kalala chali kwenye kapeti miguu kaiegemeza ukutani, magoti yamefungwa barafu na nailoni nyingi. Pembeni yake mwanamke mtu mzima amepiga goti anamkandamiza msuli wa nyuma ya mguu na kidole gumba, taratibu, na mwingine amesimama na daftari. Daftari la kawaida. Anamuuliza, umelala saa ngapi, msichana anajibu. Umekula nini asubuhi. Umemaliza. Umekunywa maji chupa ngapi. Tumbo linauma, hapana. Anaandika. Hakuna haraka, hakuna sauti kubwa. Waliponiona yule wa daftari akanionyesha njia ya choo kwa mkono akaendelea kuandika.

Nikaenda chooni nikajifungia nikakaa humo muda.

Sasa niseme. Mwaka 2019 nilipeleka timu kwenye mashindano fulani ya shule, mechi nne siku nne. Tulilala darasani, wasichana kumi na wawili, madawati yamesogezwa ukutani, magodoro ya kuazima hayakutosha wakalala wawiliwawili na wengine kwenye kanga. Maharage na ugali saa nne usiku, kwa hiyo wanalala saa sita. Mimi saa kumi na moja alfajiri nawaamsha. Mbio. Niliamini kabisa kwamba nawafanya wawe ngangari, ndivyo nilivyofundishwa mimi nilivyokuwa binti na sikuwahi kuhoji. Na nilikuwa natumia watano walewale, wa benchi wanaingia tukiwa tumeshashinda tu. Siku ya kwanza tukashinda, ya pili tukashinda, mimi nikajiona kocha.

Siku ya tatu nusu fainali. Tunafungwa kwa pointi moja, sekunde zimebaki chache, pointi gadi wangu, yule anayepandisha mpira, kachezewa faulo, mitupo miwili. Alikuwa kidato cha tatu. Huyu kwenye mazoezi anaweka nane kwenye kumi akiwa anaongea na wenzake. Mtupo wa kwanza ukagonga chuma cha mbele. Wa pili haukufika, haukugusa hata chuma, ukapita chini ya wavu. Mpira mfupi. Kocha yeyote anajua mpira mfupi maana yake nini, maana yake miguu imekwisha, nguvu ya mtupo inatoka kwenye magoti sio mkononi. Nilikuwa najua. Hesabu nafundisha, mwili wa mchezaji naujua, na bado nilimsubiri atoke uwanjani nikamwambia mbele ya wenzake na mbele ya shule nyingine, "Wewe ndo umetufungisha."

Hakulia. Alivua viatu vyake akavishika mkononi akaenda kukaa kwenye basi. Muhula uliofuata hakuja mazoezini, nikamuulizia mara moja tu, wakasema amesema anataka kusoma, nikasema sawa.

Miaka minne nimeishi na hiyo na nilikuwa nimeipa jina zuri, nasema yule binti hakuwa na moyo wa mchezo.

Sasa usiku uleule wa Alhamisi Washington State wakacheza na Utah. Utah walikuwa namba mbili kwenye konferensi na kwenye viwango vya nchi nzima ni namba tatu. Namba tatu Marekani nzima! Na Utah walikuwa wamepumzika Jumatano, hawa wenzao wana mechi mguuni. Wakashinda 66 kwa 58. Niliangalia magoti yao. Dakika za mwisho mchezaji aliyechoka unamjua kwa mikono, anashika kaptula akiinama, anavuta hewa na mdomo. Hao walichoka, ni binadamu, mastaa wao walicheza dakika nyingi sana, sio kwamba walikuwa wanapokezana. Lakini mitupo yao ilikuwa inafika. Ndipo nikaelewa kwamba ile mechi walikuwa wameanza kuicheza jana yake usiku, kwenye chakula, kwenye kitanda, kwenye ile barafu ya magotini, kwenye daftari. Mashindano ya siku nyingi mfululizo yanachezwa kwenye yale masaa ambayo mpira haupo. Mimi yale masaa ndo nilikuwa nawaua nayo watoto wa watu.

Na nisieleweke vibaya, simaanishi tungekuwa na hoteli ya Las Vegas tungeshinda. Hata hao hawakuletewa kwenye sahani. Miaka miwili tu nyuma yake, Machi 2021, mashindano ya taifa ya wasichana yalifanyika San Antonio, mchezaji mmoja wa Oregon, Sedona Prince, chuo cha konferensi hiihii, akarekodi video na simu yake kuonyesha chumba cha mazoezi cha wanawake, kistendi kimoja cha vyuma vidogo vya kunyanyua, wakati wanaume wamejaziwa ukumbi mzima. Dunia ikaona, ndo vikaja vifaa. Na jina la March Madness lenyewe, ndo jina maarufu la hayo mashindano ya taifa, wasichana waliruhusiwa kulitumia kuanzia 2022. Sheria yao ya usawa wa jinsia mashuleni ni ya 1972, hesabu mwenyewe miaka. Kwa hiyo vitanda na barafu walivigombania. Ila kumuuliza mtoto amelala saa ngapi haihitaji bajeti, inahitaji peni.

Ijumaa nusu fainali. Kwanza UCLA namba tano wakawatoa Stanford 69 kwa 65, na Stanford ndo walikuwa mabingwa watetezi, kombe hilo walikuwa wamelibeba mara 15 tangu lianze 2002, ukumbi ukapigwa na butwaa. Halafu Washington State wakawafunga Colorado, 61 kwa 49, hiyo ilikuwa kazi ya kukaba, hakuna cha kusimulia sana, waliwanyima watu nafasi mpaka wakachoka.

Jumamosi haikuwa na mechi. Nilifua nguo za mtoto, nikampikia dada mtori, ndizi za kule ni hovyo lakini nilizipata, na mchana wakati wote wamelala nikakaa jikoni na simu. Namba yake nilikuwa sina. Nikamtafuta kupitia mwenzake waliyecheza pamoja, ambaye sasa yuko chuo cha ualimu. Nikaandika nikafuta, nikaandika nikafuta. Mwishoni nikatuma ujumbe mfupi, kwamba ni mimi mwalimu wako, niko mbali, nimeangalia mpira wiki hii nikakukumbuka, siku ile hukutufungisha, miguu yako niliimaliza mimi, naomba unisamehe. Kwetu mtu mzima kumwomba msamaha mtoto, mwalimu kumwomba mwanafunzi, watu wanaona kama unajivua nguo. Nilibonyeza kutuma nikaigeuza simu kifudifudi kwenye meza.

Tiki mbili. Hakujibu.

Jumapili fainali, saa nane mchana. Leo watu walikuwepo, bendi za vyuo zote mbili zinapiga kwa zamu, wazee wa Pullman wamevaa nyekundu na kijivu, kuna babu mmoja alikaa safu yangu na mke wake wamesafiri kufuata timu na tangu Jumatano nilikuwa nawaona, siku hiyo tukasalimiana kama majirani, nikamwambia natoka Tanzania, nchi iliyopakana na ya Bella, akamwamsha mke wake asikie. Mechi yenyewe ilikuwa ya kunyang'anyana. UCLA wana vipaji hata benchi lao lingekuwa timu. Bella aliweka pointi 21. Charlisse 23, na ndo akachaguliwa mchezaji bora wa mashindano. Dakika za mwisho ikawa mechi ya mitupo huru, kama inavyokuwa siku zote, maana faulo za timu zikifika tano kwenye robo basi unapewa miwili, ni kama sheria zetu tu. Nilikuwa siangalii mpira, naangalia magoti. Wanainama, wanapumua, wanadunda mara ngapi wanazozijua wao, magoti yanashuka, yanapanda, mpira unakwenda juu. Siku ya tano, mechi ya nne.

65 kwa 61. Namba saba hakuwahi kushinda hilo kombe, wala Washington State hawakuwahi. Karatasi za rangi zikamwagika toka juu, wasichana wamelala chini wanazirusha kama watoto wanaocheza mchanga, na yule binti wa Rwanda katikati yao. Mimi nililia wazi. Babu wa Pullman alilia. Mke wake akatugawia tishu sote wawili kutoka kwenye pochi bila kusema neno.

Jibu lilikuja usiku ule, kwao ni asubuhi. Alituma sauti, dakika moja na nusu, nimeisikiliza mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Kasalimia kwanza, "Shikamoo madam," sauti ni ya mtu mzima sasa. Akasema nashukuru madam, nilikuwa sijui kama unaikumbuka. Halafu akasema, siku ile nilikuwa kwenye siku zangu, tumbo lilikuwa linakata tangu usiku na pedi ziliisha, niliazima kanga ya mwenzangu nikaichana. Na nilikuwa sijala, yale maharage yalikuwa yananitapisha. Nilitaka kukuambia asubuhi kwenye mbio ila ulisema asiyeweza aseme mapema arudishwe nyumbani, nikaogopa kurudishwa. Basi madam, msalimie dada na mtoto.

Nilikuwa na wasichana kumi na wawili siku nne na sikubeba pakiti hata moja ya pedi. Mwanamke mimi. Hilo ndo lilinikalia kifuani kwenye ndege masaa yote mpaka Dar.

Niliporudi nikakuta uwanja wetu ni uleule, saruji ina nyufa, ringi moja imepinda. Sikuja na kitu cha ajabu. Nilinunua daftari la kurasa 96. Kila tukiwa kwenye mashindano kuna mtu anazunguka asubuhi na jioni, umelala saa ngapi, umekula nini, umekunywa maji, tumbo vipi, kuna kinachouma. Mwanzoni wasichana walikuwa wanajibu "niko poa madam" wote, kama kwaya, ilichukua karibu muhula mzima mmoja akasema goti linaniuma, na nilipompumzisha bila kununa ndo wengine wakaanza kusema ukweli. Begi la pedi linakaa kwenye benchi wazi, haombi mtu, anachukua. Chakula nilienda kuongea na wazazi, kuna mama mmoja ana genge akakubali kututolea ndizi mbivu na mayai ya kuchemsha yaliwe mara tu mechi ikiisha, kabla ya huo ugali wa usiku. Alfajiri hakuna mbio. Na mitupo huru tunapiga mwishoni mwa mazoezi wakiwa hoi, wawili wawili, sio mwanzoni wakiwa wabichi, maana kwenye mechi hakuna anayekuita kwenye mstari ukiwa mbichi.

Halafu dakika. Sisi hatuna fizio, barafu tunanunua kwa wauza samaki na inayeyuka njiani. Kitu pekee ninachoweza kukibana ni dakika za kila mtoto. Wachezaji tisa lazima wacheze, na hakuna anayezidi dakika 24 kwa mechi kabla ya nusu fainali, hata awe nani.

Mwishoni mwa mwezi wa saba mpaka mwanzoni mwa wa nane mwaka uleule Kigali wakawa wenyeji wa AfroBasket ya wanawake, nikawakusanya wasichana wangu tukaangalia kwenye simu yangu na ya mwenzangu, Bella yuko na jezi ya Rwanda, wakafika nusu fainali wakamaliza wa nne. Wasichana wakawa wananiuliza huyu ndo yule uliyemuona, nikasema ndiye.

Na konferensi yenyewe ikavunjika. UCLA na USC walikuwa wameshatangaza tangu 2022 kwamba wanaondoka, na kiangazi cha 2023 wakafuata wengine kwa sababu ya pesa za televisheni, mpaka wakabaki Washington State na Oregon State peke yao kati ya vyuo 12. Machi 2024 yakachezwa mashindano ya mwisho ya wale 12 wakiwa pamoja, USC wakachukua. Charlisse aliumia goti Januari 2024 kisha akahamia UCLA, walewale aliowafunga. Inaniuma nikikumbuka wale wazee wa safu yangu, maana watu kama wale walikuwa wanapanga likizo yao ya mwaka kwa ajili ya hiyo wiki, na mji mdogo kama Pullman ndo ulioachwa mlangoni. Wakubwa waligawana na mabinti wakaendelea kucheza kwingine kwa safari ndefu zaidi za ndege. Sijui kwa nini wanaopanga ratiba hawaulizwi wao wamelala saa ngapi.

Pointi gadi wangu nilionana naye Desemba ile. Anafanya kazi duka la dawa Temeke, kamaliza kozi. Nilimwambia njoo Jumamosi utuone tu. Akaja, akasimama pembeni ya uwanja amevaa sandozi, hakugusa mpira. Jumamosi ya pili akaja tena. Ya tatu akavua sandozi, akapiga mitupo kumi peku juu ya saruji, saba zikaingia, akasema madam ringi hii bado imepinda. Nikampa daftari. Sikumwambia maneno mengi, nilisema tu nahitaji mtu wa kuwauliza, mimi kuna vitu bado hawaniambii.

Sasa anazunguka yeye. Wanamwita dada. Anajua nani kalala nani hajalala kuliko mimi, na dakika anaandika kwa saa ya simu yake, kila mtoto ana mstari wake.

Mwaka jana, siku ya tatu ya mashindano, mechi ya robo fainali, robo ya nne imebaki dakika tano na nusu, tunaongoza kwa pointi moja. Msichana wangu bora ana mpira, amecheza vizuri kuliko siku zote, jukwaa lote linaimba jina lake, na mimi nimesimama kwenye mstari nimemeza mate. Nikasikia nyuma yangu daftari linafungwa.

"Madam, huyo ameshafika ishirini na nne. Na usiku hakulala, anakohoa."

Nikaomba mabadiliko kwa mwamuzi wa meza. Msichana akatoka ananiangalia haelewi, nikamshika bega nikamwambia umefanya kazi, kaa. Dada yao alikuwa ameshachuchumaa mbele ya kiti na chupa ya maji, kifuniko kimefunguliwa.